Mama ameshakusanya ada ya kusoma ugavi, mimi nimeipenda animesheni. Nipo Mwanza, naombeni ushauri

Kijana wa Igoma (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo, ila jambo hili nimelibeba tangu mwezi wa sita na sina mtu wa karibu wa kumweleza akanielewa.

Nina miaka 24, naishi Igoma, Mwanza. Nilimaliza kidato cha sita, EGM (uchumi, jiografia na hisabati), nikapata daraja la pili. Nilichaguliwa chuo kikuu kusoma uhasibu, mkopo haukutoka, nikarudi nyumbani. Sasa hivi nipo kwenye steshenari: nachapa barua, natoa kopi, najaza fomu za watu mtandaoni, nasafisha picha za paspoti. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama anafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, na ndiye aliyetulea wote wanne.

Ilianza hivi. Mteja alileta flashi tumtolee ramani ya nyumba. Nilipoifungua nikakuta picha ya nyumba nzuri, bati la kijani, kivuli cha mwembe kimelala ukutani. Nikamuuliza hii nyumba iko wapi. Akacheka, akasema haipo, hata msingi haujachimbwa, ameichora kwa programu inaitwa Blender. Nikauliza inauzwa bei gani. Akasema haiuzwi, unaipakua bure. Akaniachia mle mle kwenye kompyuta ya dukani.

Wakuu, tangu siku hiyo sijalala kabla ya saa saba usiku. Nilikuwa nikifunga duka nabaki ndani, nanunua bando la usiku, nafuatisha masomo ya YouTube. Wiki za kwanza zilikuwa boksi, meza, kikombe. Halafu nikasema nichore kitu ninachokijua, nikachora mtumbwi. Nikaupa mwendo wa kuyumba majini. Ukatoka kama bembea ya watoto: unakwenda, unarudi, hauna uzito wowote.

Jumapili moja nikaenda Mwaloni, nikakaa juu ya kreti saa mbili nzima naangalia mitumbwi tu. Nimekulia pale lakini nakwambieni sikuwahi kuiona mitumbwi kabla ya siku ile. Wimbi linainua omo kwanza, yaani mbele ya mtumbwi. Tezi, yaani nyuma, bado iko chini, inafuata baadaye, na inapopanda yenyewe omo imeshaanza kushuka. Na mtu aliyesimama ndani hapandi pamoja na mtumbwi. Magoti yake yanakunja, kiuno kinafuata, kichwa kinabaki karibu palepale kana kwamba kimefungwa kamba na mawingu. Nikaandika yote nyuma ya risiti.

Nikarudi nikafanya upya. Sekunde 4 tu, yaani fremu (picha moja moja) 96. Kompyuta ya dukani ilikuwa inatumia dakika 5 kwa kila fremu, kwa hiyo saa 8 kamili. Bosi aliniruhusu niiache ikifanya kazi usiku kwa sharti ninunue LUKU yangu. Saa tisa usiku umeme ukakatika, video yote ikapotea. Usiku wa pili nikarudia, ikakamilika.

Nikamwonyesha mama kwenye simu, sikumwambia ni nini. Akaangalia, akaniuliza, "Mtumbwi wa nani huu? Mbona haujaandikwa namba?"

Sijui kama mtaelewa nilivyojisikia. Nilitoka nje nikasimama kwanza.

Sasa tatizo. Mama ameweka akiba kwenye kikoba miaka miwili kwa ajili yangu. Imefika 1,400,000. Mjomba ameshanitafutia nafasi ya diploma ya ununuzi na ugavi, na awamu ya kwanza ya ada inatakiwa katikati ya Oktoba. Mnaoijua biashara ya dagaa mnajua hela hiyo imepatikanaje. Inaingia siku za giza tu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na mama anarudi nyumbani mikono mitupu. Kila shilingi ya kikoba kile ni usiku ambao mama yangu hakulala.

Maswali yangu. Moja, nitajuaje kama haya ni mapenzi ya kweli ya kazi na si joto la ujana litakalopoa? Mbili, mtu anaweza kuishi kwa animesheni akiwa Mwanza? Tatu, na hili ndilo linaniumiza, je, ni dhambi kumwomba mama sehemu ya hela ile ninunue kompyuta?

Naomba kuwasilisha.

Fundi Ramani

Mdogo wangu, huyo mteja wa flashi si mimi lakini kazi yake ndiyo kazi yangu. Nipo Nyakato, mwaka wa tano huu nachora nyumba za 3D.

Nianze na hilo la umeme maana limeniuma. Usirende (yaani kompyuta kutoa picha zilizokamilika) moja kwa moja kuwa video. Sehemu ya kuhifadhi chagua picha, aina ya PNG, ili kila fremu ijihifadhi peke yake kwenye foda. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 60, unaanzia ya 61. Ukimaliza zote 96 unaziunganisha kuwa video kwa dakika chache humo humo ndani ya Blender. Laiti ungejua hili usingenunua LUKU mara mbili.

La pili, Blender ina njia mbili kubwa za kurenda. Cycles inafuatilia miale ya mwanga, inatoa picha safi sana lakini ni nzito. Eevee ni nyepesi, na kwa maji na mtumbwi inatosha kabisa ukipanga taa vizuri. Dakika 5 zako zinaweza kushuka zikawa sekunde.

Kompyuta: usikimbilie mpakato. Tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, ongeza RAM (kumbukumbu ya kazi) ifike GB 16, weka diski ya SSD, ile ya kasi, kisha jichange polepole ununue kadi ya grafiki iliyotumika. Na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, tafadhali. Mimi kwa tamaa yangu nilinunua mpakato wa bei kubwa kwenye duka moja hapa mjini, nikaambiwa ni mpya. Wiki ya tatu kioo kikaanza kutoa mistari, fundi akaifungua akakuta kadi ilishawahi kuchomelewa upya. Laki tisa yangu haikurudi. Usinunue kabla hujairendesha saa nzima mbele ya muuzaji huku umeshika chini yake uone inavyopata joto.

Kuhusu kuishi kwa kazi hii Mwanza: animesheni ya hadithi peke yake, sikudanganyi, hapa bado. Lakini picha za nyumba, ndiyo. Watu wanajenga Buswelu, wanajenga Kisesa, wanajenga wakiwa Dar na nje ya nchi, na kila mmoja anataka aione nyumba kabla ya kumwaga zege. Picha moja ya nje mimi nachukua elfu 80 hadi laki na nusu, inategemea ukubwa. Kuna mwezi nafanya sita, kuna mwezi nafanya moja. Ndiyo hali yenyewe.

Mama Kulwa

Mwanangu, mimi si mtu wa kompyuta, nasoma humu kwa ajili ya mambo ya biashara. Ila swali lako la tatu ni la mzazi, acha nilijibu.

Si dhambi kuomba. Dhambi ni kuichukua ukaifanyia jambo jingine naye anajua upo darasani. Hela ya kikoba ina jina. Mama yako alipokuwa akisimama mbele ya wenzake kila wiki alikuwa anasema hii ni ya ada ya mwanangu. Wenzake wote wanajua. Ukibadilisha matumizi, yeye ndiye atakayeulizwa, si wewe. Kwa hiyo usimwombe hela tu, mpe na maneno ya kuwajibu wenzake.

Na mwanangu chagua siku. Usimwambie wakati wa giza, amerudi alfajiri miguu imevimba, dagaa hawajaanikwa na wingu linakuja. Msubiri mbalamwezi. Siku hizo mwili umepumzika na sikio linasikia. Kaa naye chini, si kwa simu, na usimpeleke mjomba mbele wala nyuma.

Kwamba aliuliza mtumbwi wa nani, mimi nimetabasamu peke yangu hapa. Huyo mama anaangalia kwa makini. Usimwogope.

Chorachora

Kijana, nimefanya kazi ya animesheni Dar miaka sita, zaidi katuni za watoto na matangazo. Nimesoma pale ulipokaa kwenye kreti nikaweka simu chini. Swali lako la kwanza umeshalijibu mwenyewe bila kujua.

Wapo wachoraji wawili wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, ambao mwaka 1981 waliandika kanuni 12 za animesheni, na mpaka leo ndizo zinazofundishwa dunia nzima. Mojawapo inasema sehemu za mwili haziendi pamoja wala hazisimami pamoja: moja inatangulia, nyingine zinafuata kwa kuchelewa. Tezi yako kuchelewa nyuma ya omo, kiuno kufuata magoti, ndiyo kanuni hiyo hiyo. Wewe umeiokota Kirumba, nyuma ya risiti. Nimewahi kukaa na vijana waliokwishamaliza kozi, wanaitaja kanuni kwa jina lakini hawajawahi kwenda kumtazama mtu akipanda daladala. Anayependa matokeo tu huchoka mtumbwi unapokataa kuyumba vizuri. Wewe ulikwenda kukaa saa mbili juu ya kreti.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Watu wengi wanadhani animesheni ni mtu mmoja na kompyuta yake. Studio ni kama mtumbwi wa dagaa, kila mtu na nafasi yake. Kuna anayeandika, kuna anayechora mfuatano wa matukio kwenye karatasi kabla hata kompyuta haijawashwa, kuna anayefinyanga wahusika, kuna anayewawekea mifupa ya ndani ili waweze kukunja mkono, kuna anayewapa mwendo, kuna wa taa, kuna wa sauti. Ukija kuomba kazi ukasema "najua vyote", tunasikia hujui hata kimoja. Kwa nilivyokusoma, wewe ni mtu wa mwendo. Shika hapo.

Mazoezi: mpira unaodunda. Usicheke. Fanya mpira wa tenisi, kisha mpira wa kikapu, kisha tufe la chuma, yote matatu yadunde kwa uzito tofauti na bila rangi yoyote, mtu ajue kipi ni kipi kwa mwendo tu. Halafu gunia la unga linaloruka kijito. Halafu mtu anayetembea. Halafu, kwa kuwa wewe ni wa Mwanza, nipe wale korongo wenye upara na mfuko shingoni wanaozagaa Mwaloni. Yule ndege ni mzito, haruki kama shomoro. Angalia anavyopiga hatua za kukimbia kabla miguu haijaachia ardhi, na shingo inavyofanya wakati mabawa yanashuka. Ukimpata yule kwa sekunde 6, nitumie, nitampelekea bosi wangu mwenyewe.

Huna haja ya kompyuta kubwa kuanza haya. Mpira unaodunda unafanyika kwenye mashine yoyote. Hata penseli na daftari: sekunde moja ni fremu 24, lakini wachoraji wengi huchora 12 na kila mchoro hukaa fremu mbili. Krita ni ya bure, OpenToonz ni ya bure. Triggerfish ya Afrika Kusini ina masomo ya bure mtandaoni, yameandaliwa na watu wanaofanya kazi hii kila siku.

Halafu nataka ujue programu uliyoishika imetoka wapi, kwa sababu inafanana na kikoba cha mama yako. Blender ilianzishwa na Mholanzi, Ton Roosendaal. Kampuni iliyokuwa inaimiliki ikakwama, wawekezaji wakaifunga mwaka 2002. Akawaomba watu wachange euro 100,000 ili wainunue iwe ya wote. Zikapatikana ndani ya wiki saba. Ndiyo maana wewe wa Igoma umeipata bure kwenye flashi. Na mwaka 2025 filamu ya kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo, imechukua Oscar ya animesheni. Latvia nchi nzima haina watu milioni mbili.

Na usidhani hizi ni habari za Ulaya tu. Ubongo ya hapa Dar imekuwa ikifundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili tangu 2014, na sasa zinatazamwa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2023 Disney+ ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Waafrika, wakaupa jina la Kiswahili, na mojawapo iliongozwa na Raymond Malinga wa Kampala. Kampala, ng'ambo ya ziwa hilo hilo unaloliangalia.

Hesabu Kwanza

Naomba niwe upande wa pili, na nasema kwa nia njema. Kijana, nenda kasome ugavi. Kila halmashauri ina kitengo cha manunuzi, kila mgodi huko Geita, kila hospitali. Cheti kinakaa, hakihitaji kadi ya grafiki. Animesheni fanya jioni.

Na kuna jambo hamkuligusa. Akili mnemba (AI). Leo mtu anaandika sentensi mbili kwenye simu anapata video ya mtumbwi ziwani. Unataka kuingia kwenye kazi ambayo mlango unafungwa? Mama wa watu amekesha miaka miwili. Fikiria hilo kabla ya Oscar ya Latvia.

Chorachora

@Hesabu Kwanza hoja yako ni ya haki na sitaipuuza. Ndiyo, kazi ndogo ndogo za matangazo zimeanza kupungua, nimeziona zikipungua mezani kwangu. Picha ya haraka ya mandhari haina bei tena.

Lakini jana nimejaribu kitu. Nimeiandikia hiyo akili mnemba initengenezee wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria usiku. Imenipa wanaume wawili na ndoano, mchana, na nyuma yao milima yenye theluji. Ukiisahihisha taa, inaharibu mtumbwi. Ukisahihisha mtumbwi, mvuvi anabadilika uso. Anayelipa pesa ya maana anataka mhusika wake abaki yuleyule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anataka mtu wa kumwambia "hapa punguza, hapa ongeza". Itaendelea kuwa bora, sitabisha. Ndiyo maana namwambia kijana ajifunze kuona na si kubonyeza.

Kuhusu diploma, mimi sikumwambia aiache.

Mwanafunzi Dom

Habari zenu. Nashangaa hakuna aliyesema hili. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya teknolojia ya multimedia na animesheni, ipo chuo cha kompyuta, CIVE. Kwa kuwa wewe una EGM daraja la pili, fungua mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) wa mwaka huu uangalie vigezo vya kozi hiyo kwa matokeo yako, halafu uombe mkopo bodi upya. Kutokupata mara ya kwanza si mwisho. Mimi mwenyewe nilikosa mwaka wa kwanza, nikakata rufaa, nikapata.

Tahadhari moja kutoka kwangu. Kabla ya kuja huku nililipa laki tatu na nusu kwa kituo kimoja kilichotangaza "animesheni kwa miezi mitatu". Tulikuwa tunaonyeshwa video za YouTube kwenye projekta, mwalimu anasimama pembeni. Ukiona mahali hawakuonyeshi kazi za wanafunzi wao waliotangulia, usitoe hata mia.

Mzee wa Kisesa

Nimewasoma vijana wangu. Mimi mambo ya fremu siyajui. Naongeza moja tu.

Mnazungumzia mwendo, mnazungumzia mashine, hakuna aliyeuliza huyu mtoto atasimulia nini. Sisi Wasukuma tuna Shing'weng'we. Bibi yangu alitusimulia tukiwa tumezunguka moto: jitu lililomeza watu wote na ng'ombe wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Akajifungua Masala Kulangwa. Yule mtoto kila siku anamletea mama mdudu, panzi, mjusi, anauliza, "Mama, ndiye huyu aliyemmeza baba?" Mama anajibu, "Siye, mwanangu." Kila siku mnyama anaongezeka ukubwa. Mpaka siku anakutana naye mwenyewe, anamuua, anampasua tumbo, watu wanatoka. Na kisu kinamkata bibi mmoja sikio, badala ya kushukuru anashika ugomvi. Hapo ndipo bibi yangu alipokuwa anacheka mpaka anakohoa.

Njoo Bujora siku moja, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Utaona ngoma, utaona viti vya watemi. Ukija msimu wa sikukuu ya Bulabo utawaona Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wakishindana, wachezaji na chatu mabegani. Hayo yote hayajachorwa yakatosha.

Kijana wa Igoma (mleta mada)

Nimesoma kila neno, mengine mara tatu. Mzee wa Kisesa shikamoo, baba alikuwa akinisimulia Masala Kulangwa nikiwa mdogo na nilikuwa nimemsahau kabisa mpaka ulipomwandika hapa. Fundi Ramani nimekutumia ujumbe. Mama Kulwa, kalenda inaonyesha mbalamwezi wiki ijayo. Nitarudi.

Kijana wa Igoma (mleta mada), siku 16 baadaye

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilimsubiri mama mpaka Jumamosi ya mbalamwezi. Alikuwa uani anachambua mchele, nikakaa chini karibu yake nikaanza na ule mtumbwi. Safari hii nikamwambia ukweli: hakuna mtumbwi, hakuna ziwa, nimeuchora mimi. Hakuniamini mpaka nikamwonyesha hatua kwa hatua, mtumbwi ukiwa bado mistari mitupu. Akashika simu karibu na uso muda mrefu.

Halafu nikamwonyesha nyingine mpya, wavuvi wawili wanashusha wavu. Mama ni binti wa mvuvi, amezaliwa Ukerewe. Akaiangalia mara moja akasema, "Wavu haushuki hivyo. Risasi za uzito zinatangulia, wavu unafuata, maboya yanabaki juu. Wako unashuka wote kama shuka la kitandani." Akaweka ungo pembeni, akachukua kanga yake akaishika pembe mbili, akanionyesha kwa mikono, taratibu, jinsi uzito unavyovuta kutoka chini na jinsi tumbo la wavu linavyojaa maji kabla ya kunyooka. Amenionyesha mara nne.

Baada ya hapo ndipo nikatoa karatasi yangu ya hesabu. Fundi Ramani amekubali nimsaidie kazi za nyumba, ananipa samani na bustani nichore, kwa malipo madogo huku najifunza. Niliomba laki saba kama mkopo wa kikoba, si zawadi, nirejeshe elfu 60 kila mwezi. Zinazobaki zikae palepale na jina lake la ada, dirisha la maombi likifunguliwa niombe Dodoma na mkopo wa bodi.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Mjomba wako nitamwambia nini?" Nikamjibu nitamwambia mwenyewe. Nimemwambia. Amekasirika, mpaka leo hapokei simu yangu, na ninaelewa, maana alitumia jina lake kunitafutia ile nafasi. Nitakwenda kwake kwa miguu yangu Jumapili. Kwa wenzake wa kikoba mama amesimama mwenyewe akawaeleza. Sijui aliwaambia nini, ila mmoja wao amenitumia picha ya kiwanja chake.

Kompyuta ya mezani nimeipata kwa 620,000 ikiwa na RAM 16, Fundi alikuja tukaiwasha saa nzima mbele ya muuzaji. UPS bado.

Sasa nina swali la kazi. Wavu. Nimejaribu kuutumia ule mfumo wa kuchezesha nguo ndani ya Blender, unakwama na kompyuta inaganda. Wenye ujuzi mnaufanyaje?

Chorachora

Safi sana, kijana. Mfumo wa nguo utakutesa kwenye mashine hiyo. Ukitaka kuutumia lazima, punguza miraba ya wavu mpaka iwe michache, chezesha huo mwepesi, halafu wavu wenye matundu uufuate.

Ila mimi ningeufanya kwa mkono. Panga mifupa minane kwa mstari kutoka maboya hadi risasi. Upe mwendo mfupa wa chini kabisa kwanza. Kisha nakili mwendo huo kwa mfupa wa juu yake, ila uchelewe fremu mbili na upungue kidogo. Panda hivyo hivyo hadi juu. Ni tezi na omo, tofauti ni kwamba sasa umesimama wima.

Kijana wa Igoma (mleta mada)

Nimefanya kwa mifupa, fremu mbili mbili. Umeanza kushuka kama wavu. Nimemwonyesha mama asubuhi hii kabla hajatoka, amesema tumbo limekaa sawa lakini risasi bado nyepesi. Narudia leo usiku.